Umepunguzwa Kazini? Piga Hesabu Kabla ya Kumpigia Wakili

Miezi miwili iliyopita, Ijumaa jioni, binamu yangu alinipigia simu sauti ikiwa chini. Alikuwa karani wa stoo kwa miaka minne na miezi saba. Siku hiyo aliitwa ofisini, akapewa barua ya kupunguzwa kazini na fomu ya kutia sahihi. Akitia sahihi, atatumiwa shilingi 42,000 kwa simu jioni hiyo hiyo, na hatadai kitu kingine tena. Kodi ya nyumba ilikuwa inaingia tarehe tano.

"Dadangu, nitafute wakili ama nichukue hii pesa nitulie?"

Nilimwambia asitie sahihi bado. Ukitia sahihi kwa hiari yako, ukijua unachokubali, mahakama inaweza kusema mambo yaliishia hapo. Omba nakala, sema utaisoma nyumbani.

Kwanza, jua unadai ngapi

Jumamosi tuliketi na karatasi na kikokotoo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu akipunguzwa kazini bila kosa lake anastahili:

- Notisi ya angalau mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi mmoja badala yake.
- Angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha.
- Pesa ya siku za likizo ambazo hakuchukua.
- Mshahara wa siku alizofanya kazi na hajalipwa.

Mshahara wake ulikuwa 42,000. Tukigawa kwa siku 30, ni 1,400 kwa siku. Kwa miaka minne kamili, 1,400 mara 15 mara 4 ni 84,000. Ongeza notisi, 42,000. Ongeza likizo ya siku 11, yaani 15,400. Jumla ni 141,400 kabla ya makato. Kumbe ile 42,000 ilikuwa pesa ya notisi peke yake!

Fanya hesabu hii kabla ya kumtafuta mtu yeyote. Bila hiyo, huwezi kujua kama wakili atakuletea faida ama atakula ile kidogo uliyo nayo.

Je, shida ni pesa ama ni jinsi ulivyotolewa?

Kama shida ni pesa pungufu tu, anza na barua kwa kampuni ukionyesha hesabu yako. Wasipojibu, nenda kwa afisa wa leba katika kaunti yako. Usikae sana: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa kwake ndani ya miezi mitatu. Kama uko kwenye chama cha wafanyakazi, ongea na mwakilishi wako mapema.

Kama shida ni jinsi ulivyotolewa, hapo wakili anaanza kuwa na maana. Mwajiri anatakiwa kukuarifu kwa maandishi mwezi mmoja kabla, na kumwarifu afisa wa leba pia. Anapochagua nani aende, lazima aangalie muda mliokaa kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Ukiambiwa nafasi yako imefutwa, halafu wiki inayofuata mtu mwingine ameketi kwenye kiti chako, hiyo ni kesi ya kuangaliwa.

Mahakama ikiona uliachishwa isivyo haki, inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Shika hilo neno "hadi": wengi hupata chini ya hapo. Kesi ya mtu ambaye mshahara wake hauzidi 80,000 kwa mwezi inaweza kusikizwa na hakimu, na unaruhusiwa kujiwakilisha mwenyewe. Kesi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3, na mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa hiyo.

Wakili atakugharimu vipi?

Ukisikia "usilipe kitu, tutagawana tukishinda", kaa macho. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa akishinda kesi tu. Uliza ada yote ni ngapi, inalipwa kwa awamu gani, na kama gharama za kufungua kesi ziko ndani. Pia unaweza kulipia ushauri wa mara moja tu, asome barua yako akuambie kama una kesi. Kama huna uwezo, Kituo cha Sheria husaidia watu bila malipo, na FIDA Kenya husaidia wanawake.

Simu yako ni shahidi

Kama mshahara ulikuwa unaingia kwa simu, pakua taarifa ya akaunti yako na uitunze. Kama ulikuwa unatumia laini ya kampuni, hifadhi meseji zako za mshahara kabla ya kuirudisha.

Unapomlipa wakili, hakikisha kwanza jina lake liko kwenye orodha ya Chama cha Mawakili Kenya. Lipa kwa nambari ya biashara ya ofisi yake, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, na udai risiti. Na mtu akikupigia kusema "pesa yako ya leba imetoka, tuma ada kidogo", kata simu.

Binamu yangu hakuajiri wakili. Aliandika barua ya ukurasa mmoja yenye ile hesabu. Baada ya siku tisa kampuni ilikubali kila kitu isipokuwa likizo, ikisema zilibaki siku tano. Alilipwa 133,000 kabla ya makato, kwa awamu mbili. Zile 8,400 zilizobaki aliziachilia, kwa sababu kuzifuata kungemgharimu zaidi. Kwa mwingine hesabu ingesema aende mahakamani. Wewe yako inasemaje?