Mashine Ndogo ya Barafu Ndani ya Lori: Inalipa au Inakula Betri?

Wenzetu wenye magari ya kulala ndani, yale yenye kitanda, jiko na choo chake, wana mjadala usioisha: je, ni busara kusafiri na mashine ndogo ya kutengeneza barafu? Hapa Songwe magari hayo tunayaona machache, ya watalii wanaovuka kwenda Zambia na kusini zaidi. Lakini tunayo magari mengine ambayo watu wanalala, wanapika na kula humo humo, nayo ni malori ya masafa marefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019 ili kuharakisha uvushaji, ila foleni ikikaza, kabini ya lori inageuka nyumba kwa siku kadhaa.

Swali hili nililetewa na dereva mmoja aliyeona tangazo la mashine hiyo kwenye simu. "Mdogo wangu, wewe umesoma fizikia. Hii kitu nikiiweka kwenye lori itanisaidia, au nitakuwa nimetupa hela?" Alikuwa na sababu tatu: apate maji ya baridi, nyama na samaki wake wasiharibike njiani, na atunze insulini yake, maana ana kisukari. Hiyo sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu na karatasi. Maji ya vuguvugu unaweza kuyavumilia. Insulini iliyoharibika, mara nyingi huwezi kuijua kwa kuitazama.

Jibu fupi ni hili: kwa dereva wa lori, mara nyingi mashine hailipi. Kwa mama lishe mwenye umeme wa TANESCO kando ya barabara, inaweza kulipa vizuri. Sasa twende taratibu tuone kwa nini.

Mashine inafanyaje kazi

Kitu cha kwanza kuelewa ni kwamba hakuna mashine inayotengeneza baridi. Kinachofanyika ni kuhamisha joto. Ndani kuna gesi inayozungushwa na kompresa, kama kwenye friji ya nyumbani. Gesi hiyo inachukua joto kutoka kwenye maji na kulimwaga nje kupitia feni iliyo ubavuni. Ndiyo maana ukiweka mkono karibu na feni unasikia hewa ya moto. Joto hilo linabaki humo humo ndani ya kabini ulimolala, na juu yake linaongezeka lile la umeme unaotumika.

Tofauti na friji iko kwenye vidole. Mashine hizi ndogo zina vijiti vya chuma, aghalabu tisa, vinavyozama kwenye maji. Gesi baridi inapita ndani ya vijiti, maji yanayovigusa yanaganda, na baada ya dakika sita hadi kumi na tatu hivi mashine inapitisha gesi ya moto kidogo ili vipande viachie na kudondoka. Unapata vibarafu vyenye tundu katikati, kama kofia ya kalamu.

Vibarafu hivyo vinadondokea kwenye kikapu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Kikapu hicho si friza. Hakipozwi na kitu chochote. Barafu inaanza kuyeyuka pale pale, maji yake yanarudi kwenye tangi, na mashine inayagandisha tena. Ukiiacha ikiwaka usiku kucha, sehemu ya umeme wako itakwenda kugandisha maji yale yale mara mbili au tatu.

Hesabu ya barafu moja

Chukua kilo moja ya maji, yaani lita moja, yenye nyuzi joto 25. Kuyashusha hadi sifuri inabidi uondoe kilojuli 105. Bado hayajaganda. Ili yageuke barafu yakiwa hapo hapo kwenye sifuri, uondoe kilojuli nyingine 334. Joto hili la kubadili hali, ambalo kipimajoto hakilioni, ndilo linaloitwa joto fiche. Jumla ni kama kilojuli 439, na robo tatu yake imekwenda kwenye kuganda peke yake.

Sasa soma lebo. Mashine nyingi za ukubwa wa mezani zinaandikwa wati 100 hadi 150, na uwezo wa kilo 10 hadi 12 kwa saa 24. Tuchukue wati 120 na kilo 12. Kwa saa 24 itatumia uniti 2.9 hivi, sawa na robo uniti kwa kila kilo ya barafu. Kwa umeme wa nyumbani wa kawaida, ambao uniti ni kama shilingi 350, kilo moja inakugharimu chini ya shilingi 90 za umeme. Kwa hiyo umeme wa ukutani si tatizo. Tatizo linaanza ukichomoa plagi ukutani na kuipeleka kwenye lori.

Betri ya lori haikutengenezwa kwa kazi hii

Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 24. Tuseme kila moja ni Ah 150. Zidisha 24 kwa 150, unapata uniti 3.6. Kwa karatasi, hiyo ni barafu kilo 14! Lakini usishangilie.

Betri za kuwashia injini zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha zijazwe tena na alteneta. Ukizinyonya taratibu hadi chini kila siku, zinakufa mapema. Kwa usalama, tuseme utumie robo tu, yaani uniti 0.9. Inveta nayo inakula asilimia 10 hadi 15 njiani. Zinabaki kama uniti 0.77, ambazo ukizigawa kwa robo uniti, unapata kilo tatu za barafu baada ya saa sita. Kilo tatu ni chupa mbili za lita moja na nusu. Ukijisahau ukapitiliza, foleni itakaposogea wewe utakuwa unaomba waya wa kubustia kwa jirani.

"Basi nitaacha injini iwake." Injini ya lori kubwa ikiunguruma bila gari kutembea hula lita mbili hadi tatu za dizeli kwa saa. Kwa saa sita ni lita 12 hadi 18. Bei ya dizeli unaijua, kwa hiyo piga mwenyewe hesabu ya kilo tatu hizo. Kule kwenye foleni utauziwa maji yaliyogandishwa kwenye chupa kwa hela ndogo sana ukilinganisha.

Je, kama lori linatembea? Hapo umeme wa alteneta upo, tena wa kutosha. Ila mashine inataka kukaa sawasawa, maana tangi lake liko wazi juu. Ukiingia kwenye kona na miteremko ya Kitonga, maji yatamwagika kwenye kabini, na kompresa isiyokaa wima nayo inaharibika. Hata ukishafika, mashine iliyosafiri ikiwa imelala inabidi isimamishwe wima kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili oili irudi kwenye kompresa. Kwa kifupi, umeme wa bure unapatikana wakati ambao mashine haifai kuwashwa.

Sola inasaidia kidogo. Paneli ya wati 200 ikipata jua zuri kwa saa tano hivi, baada ya kuondoa upotevu inaweza kutoa uniti 0.7 kwa siku. Tumerudi kwenye zile zile kilo tatu, na hapo hatujahesabu mawingu ya masika.

Vipi kuhusu maji ya moto?

Najua kuna atakayesema "weka maji ya moto, yanaganda haraka". Wazo hili lina jina la Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, aliona maziwa yake ya aiskrimu aliyoyaweka yakiwa ya moto yameganda kabla ya ya mwenzake. Wenzake walimcheka, lakini hakuliachia swali lake. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, wakachapisha makala ya kisayansi kuhusu jambo hilo. Hadi leo wanafizikia wanabishana: wapo wanaoliona, na wapo waliorudia majaribio bila kuliona.

Lakini kwa mashine yetu ubishi huo hausaidii. Maji ya nyuzi 80 yana kilojuli 230 zaidi ya maji ya nyuzi 25 kwa kila kilo, na joto hilo lote lazima liondolewe na kompresa, yaani na betri yako. Hata kama yangewahi kuganda, bili ingekuwa kubwa zaidi.

Kinachohitajika ni kutunza baridi

Rudi kwenye zile sababu tatu za dereva wetu: maji, nyama na samaki, insulini. Hakuna hata moja inayohitaji barafu mpya kila dakika kumi. Zote zinahitaji mahali penye baridi isiyokatika. Hizo ni kazi mbili tofauti, na mashine ya barafu inafanya moja tu.

Njia ya bei nafuu ni deli, lile boksi lenye kuta nene za povu ambalo wauza samaki wanalijua vizuri. Chukua deli la lita 30 lenye kuta za sentimita tatu. Nje kukiwa na nyuzi 25, joto linaloingia ni kama wati 20, sawa na kilojuli 72 kwa saa. Kilo tano za barafu zinameza kilojuli 1,670 hadi ziyeyuke zote. Gawanya: ni saa 23. Ukipata deli lenye kuta mara mbili ya unene, unapata karibu siku mbili. Na Tunduma, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai baridi yenyewe inakusaidia. Ukiteremka bonde la Rukwa, upande wa Kamsamba, hesabu inageuka, kwa sababu joto la nje likipanda barafu inaisha mapema.

Gandisha maji kwenye chupa kubwa badala ya vipande vidogo. Bonge moja lina eneo dogo la kupokea joto kuliko vipande mia vyenye uzito ule ule, hivyo linadumu. Pia maji yanayoyeyuka yanabaki ndani ya chupa, unayanywa, na hayalowanishi nyama.

Njia ya pili, ukiwa na mtaji, ni friji ndogo ya gari inayotumia volti 24 moja kwa moja bila inveta. Ya lita 40 ikiwa na kompresa nzuri hula takriban nusu uniti kwa siku, kwa sababu kompresa inawaka na kupumzika. Nusu uniti hiyo kwenye mashine ya barafu ingekupa kilo mbili tu. Nyingi kati ya friji hizi zinajizima zenyewe betri ikishuka, na zinafanya kazi lori likiwa linatembea.

Insulini, na maji unayogandisha

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda, imeharibika, hata ikiyeyuka tena usiitumie. Kwa hiyo kuizika katikati ya barafu ni hatari sawa na kuiacha juani kwenye dashibodi. Ifunge kwa kitambaa, iweke kwenye kopo, itenge na barafu, na uwe na kipimajoto ndani ya deli. Iliyokwisha kufunguliwa nyingi huweza kukaa kwenye joto la kawaida lisilo kali kwa takriban wiki nne, lakini fuata karatasi ya dawa yako na muulize mfamasia, kwa sababu aina zinatofautiana.

Kuhusu maji, barafu haiui vijidudu. Vijidudu vya kipindupindu vinaweza kuishi ndani yake, kisha vikaamka kwenye glasi yako. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 Zambia ilipigwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu uliochukua mamia ya maisha, na barabara hii yetu ndiyo inayoingia huko. Mashine ndogo ya barafu haichemshi wala haichuji. Chemsha maji kwanza, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo uyagandishe. Huku kwetu maji yanachemka karibu na nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, na hiyo bado inatosha kuua vijidudu hivyo.

Kwa hiyo ununue au usinunue?

Kama unauza juisi au soda mahali penye umeme wa ukutani, na barafu yako inaisha ndani ya saa moja, nunua. Kilo ya barafu kwa chini ya shilingi 90 za umeme ni biashara, mradi maji yawe salama na usafishe tangi mara kwa mara.

Kama unalala kwenye kabini, anza na deli nene na chupa tatu nne zilizogandishwa pale unapojaza mafuta au unapokula. Ukipata hela zaidi, weka friji ya volti 24. Na kama una insulini, kabla ya vyote hivyo nunua kipimajoto. Ni kitu kidogo kwa bei, lakini ndicho pekee kitakachokuambia kama dawa yako bado ni dawa.