Mgongo unauma na miguu inalegea? Usingoje

Wachuma majani chai wa Othaya na wabeba magunia katika soko la Karatina wanayajua maumivu ya mgongo. Mara nyingi ni uchovu wa misuli, nao huisha kwa kupumzika. Lakini maumivu yakiendelea kwa wiki kadhaa, kisha miguu ianze kufa ganzi au kukosa nguvu, dawa ya kuchua haitoshi.

Sababu mojawapo, ingawa ni nadra, ni uvimbe wa maji ndani ya uti wa mgongo. Neva kuu inayotoka kwenye ubongo hupita katika mfereji wa mifupa ya mgongo, ikiwa imefunikwa na utando na kuzungukwa na maji. Utando huo ukiwa na udhaifu au tundu, maji hukusanyika na kufanya kifuko. Uvimbe huu si saratani na hausambai mwilini. Hatari yake ni kwamba mfupa hautanuki, hivyo kifuko kikikua huibana neva.

Jinsi unavyotambuliwa

Daktari hupima nguvu za miguu, hisia za ngozi na namna mgonjwa anavyotembea. Eksirei huonyesha mifupa, lakini haionyeshi neva wala kifuko hicho. Kipimo kinachohitajika ni MRI. Kipimo hicho pia husaidia kuutofautisha uvimbe huu na kifua kikuu cha mgongo, saratani au diski iliyotoka mahali pake, kwa kuwa kila ugonjwa una tiba yake.

Matibabu

Si kila uvimbe unahitaji upasuaji. Ule mdogo usio na dalili hufuatiliwa tu. Unaobana neva hupasuliwa na daktari bingwa wa ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, sehemu ya mfupa wa nyuma hufunguliwa, kifuko hutolewa na tundu huzibwa. Sampuli hupelekwa maabara kuthibitisha kwamba si saratani. Baadaye mgonjwa hufanyishwa mazoezi ya viungo, na huchunguzwa kwa sababu maji yanaweza kuvuja au uvimbe kurudi.

Neva iliyobanwa kwa muda mfupi ina nafasi nzuri ya kupona. Iliyobanwa kwa muda mrefu huenda isirudie hali yake.

Pa kuanzia

Wakazi wanashauriwa kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako watapewa barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri ikihitajika. Ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, anaweza kupiga *147#.

Mtu akishindwa ghafla kusimama, kuzuia mkojo au choo, au akifa ganzi sehemu za siri, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.