Wabunifu wa Viatu na Tatizo la Kalibu

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki na Ethiopia, kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Addis Ababa, wamejitokeza wabunifu wa viatu wasiomiliki kiwanda wala duka la kifahari, ambao mtaji wao ni karakana ya mafundi wachache, cherehani moja au mbili za ngozi, na ukurasa wa Instagram unaowaletea wateja. Anayezichunguza bidhaa zao ataona kwamba sehemu kubwa ni viatu vya wazi, yaani makubazi, ndara na sendo, ilhali viatu vya kufunika mguu mzima ni vichache na bei yake imepanda juu sana. Ni rahisi kudhani kwamba chanzo ni joto au mapenzi ya wateja, na sababu hizo zina uzito wake, lakini hazielezi kwa nini wateja haohao huenda katika masoko ya Gikomba jijini Nairobi au Karume jijini Dar es Salaam kununua viatu vya kufunika vya mitumba bila kusita. Sababu iliyo nzito zaidi ni ya kiufundi, nayo imo katika kifaa ambacho mvaaji hakioni kamwe, yaani kalibu.

Kalibu ya kiatu ni umbo la mguu lililochongwa kwa mti mgumu au kufinyangwa kwa plastiki, ambalo ngozi huvutwa juu yake ili ipate sura na kuishika. Umbo hilo si nakala ya mguu kama ulivyo, kwa kuwa mguu hupanuka unapokanyaga na kupinda unapoinuka, kwa hiyo mchongaji huacha nafasi mbele ya vidole, hubana kidogo nyuma ya kisigino ili kiatu kisichomoke, na huinua sehemu ya nyuma kulingana na kimo cha kisigino kilichokusudiwa. Hata namba za viatu hutokana nayo: katika vipimo vya bara la Ulaya, ambavyo ndivyo vinavyochapwa kwenye viatu vingi vinavyouzwa masokoni, kila namba ni sawa na theluthi mbili za sentimita za urefu wa kalibu, hivyo kiatu cha namba 42 kimeshonwa juu ya kalibu ya sentimita 28, wakati mguu utakaokivaa ni mfupi kidogo kuliko hapo.

Hesabu inayofuata ndiyo inayowakwamisha wabunifu wengi. Anayetaka kutengeneza mtindo mmoja tu wa kiatu cha kufunika kuanzia namba 36 hadi 45 anahitaji jozi kumi za kalibu, na kwa sababu kiatu hupaswa kukaa juu ya kalibu kwa saa nyingi au hata siku kadhaa ili ngozi izoee umbo, fundi anayepokea oda ya jozi tano za namba 41 atalazimika kuwa na jozi tano za kalibu ya namba hiyo au kusubiri moja ikauke kabla ya kuanza nyingine. Akitaka kubadili ncha ya kiatu kutoka ya mviringo kuwa ya mchongoko, kalibu za zamani hazimfai, na akiongeza kimo cha kisigino kutoka sentimita 2 hadi 6, hazimfai pia. Mchoro wa kiatu kipya ni kazi ya jioni moja. Seti ya kalibu ya kuutimiza mchoro huo ni uwekezaji unaoweza kumaliza akiba ya karakana.

Kubazi halina mzigo huo. Mguu hukanyagishwa juu ya karatasi, wayo ukachorwa, ngozi ngumu ikakatwa kwa kisu kufuata mchoro, matundu yakatobolewa kwa msharasi, ambao ni sindano nene ya kushonea ngozi, kisha kanda zikapitishwa na kukazwa kwenye mguu wenyewe wa mteja. Ufundi huu ni wa siku nyingi katika mwambao wa Waswahili, ambako wanaume wamezoea kuvaa makubazi pamoja na kanzu, na bara una ndugu yake katika viatu vinavyokatwa kutoka matairi chakavu ya magari, vinavyoitwa katambuga Tanzania na akala nchini Kenya. Mafundi wa soko la Kariokor jijini Nairobi, wanaofahamika kwa sendo za ngozi na zile zilizopambwa kwa shanga, wamejenga riziki yao juu ya msingi huohuo. Kwa hiyo mbunifu chipukizi anayeanza na kubazi hafanyi hivyo kwa woga wala kwa kukosa ubunifu. Anaanza mahali ambapo ujuzi, malighafi na soko tayari vipo.

Kiatu cha kufunika kinachoshonwa kwa mkono hupita njia ndefu zaidi. Baada ya vipande vya sehemu ya juu kukatwa, kingo zake hupunguzwa unene kwa kisu kikali ili zikipishana zisifanye kinundu, kisha hushonwa pamoja na bitana. Soli ya ndani hupigiliwa chini ya kalibu, ngozi ya juu hulowanishwa na kuvutwa kwa plaizi maalumu kutoka ncha hadi kisigino, huku ikishikizwa kwa misumari midogo, na hapo ndipo mkono wa fundi hujulikana, maana mvuto ukizidi upande mmoja kiatu kitapinda, na ukipungua ngozi itakunjamana. Katika njia iliyo imara zaidi, ukanda mwembamba wa ngozi hushonwa kuzunguka ukingo kwa uzi uliopakwa nta, ukaunganisha sehemu ya juu na soli ya ndani, na soli ya nje ikashonwa kwenye ukanda huo, ili itakapochakaa iondolewe na kubadilishwa bila kugusa sehemu nyingine ya kiatu. Viatu vingi vya bei nafuu hubandikwa soli kwa gundi tu, jambo linalookoa muda na fedha, lakini soli ya namna hiyo ikiachia mara mbili au tatu, hata fundi hodari wa mtaani huwa hana tena pa kuishika.

Kazi ya kuvuta ngozi juu ya kalibu ndiyo iliyochelewa kuliko zote kuingia katika mashine. Katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ambao katika karne ya 19 ulikuwa kitovu cha viwanda vya viatu, cherehani zilikuwa zimeshachukua kazi ya kushona, lakini wavutaji ngozi waliendelea kufanya kwa mkono, wakimaliza takriban jozi 50 kwa siku, na hakuna aliyeamini kwamba chuma kingeweza kuiga vidole vyao. Aliyefanikiwa ni Jan Matzeliger, mzaliwa wa Paramaribo katika Suriname mwaka 1852, ambaye mama yake alikuwa mtu wa asili ya Afrika. Mashine yake ilipata hataza tarehe 20 Machi 1883, na iliweza kuvuta ngozi ya jozi 150 hadi 700 kwa siku. Bei ya viatu ilishuka, ila mvumbuzi mwenyewe hakuishi kuyaona mengi ya matokeo hayo, kwani alifariki mwaka 1889 kabla ya kutimiza miaka 37. Kiwanda chochote cha kisasa kinachotoa viatu vya kufunika kwa maelfu kinafaidi mlango alioufungua yeye, na bei ya viatu hivyo ndiyo ambayo fundi wa mkono hulinganishwa nayo kila siku.

Baada ya kalibu huja ngozi. Tanzania, Kenya na Ethiopia zina mifugo mingi, lakini wingi wa ng'ombe si wingi wa ngozi nzuri, kwa sababu chapa za moto, makovu ya kupe, mikwaruzo ya miiba na visu vya wachunaji wasio makini huacha alama zisizofutika, na fundi wa kiatu cha kufunika huzikwepa kwa kutupa sehemu kubwa ya kipande. Namna ya kusindika nayo huamua matumizi. Tanini, yaani kemikali ya asili inayotoka katika magome ya miti, hutoa ngozi ngumu na nzito inayofaa soli, mikanda na makubazi. Kampuni ya TANWAT ya Njombe ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya zao hilo kutoka mti wa muwati. Chumvi za kromiamu hufanya kazi kwa haraka zaidi na hutoa ngozi laini inayovutika vizuri juu ya kalibu, lakini majitaka yake yanahitaji mitambo ya kusafisha ambayo karakana ndogo haiwezi kuimudu, na hivyo mbunifu hutegemea kiwanda ambacho mteja wake wa kwanza ni mnunuzi mkubwa.

Waliovuka vizuizi hivi walivuka kwa njia tofauti. Bethlehem Tilahun Alemu, aliyeanzisha kampuni ya viatu ya soleRebels mwaka 2004 katika mtaa wa Zenabwork jijini Addis Ababa, alichukua soli ya tairi iliyozoeleka nchini mwake na kuiunganisha na kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mkono, akapunguza utegemezi wake kwa ngozi. Enzi Footwear, ambayo mmoja wa waasisi wake wanne ni Mkenya, ilikwenda kushonesha viatu vyake Ethiopia, ambako viwanda vya ngozi na mafundi wa kuvuta kalibu walikuwepo. Aurora James, aliyeanzisha kampuni ya Brother Vellies mwaka 2013 akiwa New York, alianza na kiatu cha kale cha kusini mwa Afrika kinachoitwa velskoen, ambacho ukingo wa ngozi ya juu hukunjwa kuelekea nje na kushonwa moja kwa moja kwenye soli, njia inayohitaji kalibu lakini inayopunguza hatua za ushonaji.

Wasiokuwa na uwezo wa kwenda mbali hutumia mbinu ya zamani ya washonaji wa viatu vya kupimiwa. Maduka ya London kama John Lobb huchonga jozi ya kalibu kwa kila mteja na kuihifadhi, lakini karakana ndogo inaweza kuchukua kalibu ya kawaida, ikalinganisha na mchoro wa wayo na mzingo wa mguu wa mteja, kisha ikabandika vipande vyembamba vya ngozi mahali ambapo mguu huo ni mpana au una kinundu kwenye kidole gumba, na kuvibandua kazi ikiisha. Mtu ambaye kwa miaka amekuwa akinunua kiatu kikubwa kwa namba moja ili tu upana umtoshe, huku kisigino kikimchomoka, hawezi kupata huduma hiyo katika rundo la mitumba wala katika duka la kiwanda, na kwake bei ya kiatu cha mkono haionekani tena kuwa ya anasa.