Sumaku za vigari: Mtoto akimeza, usisubiri choo

Mzazi mwenzangu, wiki hii nakupeleka mbali kidogo, kwenye ukumbi wa kanisa katika mji mmoja wa Uingereza, siku ya Jumamosi. Nilikuwa likizo kwa kaka yangu anayeishi huko na familia yake. Mwanawe wa miaka 11 ni mwanachama wa klabu ya vigari vya umeme, na siku hiyo ilikuwa ya mashindano. Aliniomba niende kumshangilia. Nilikwenda kama shangazi, nikajikuta nafanya kazi ya udaktari.

Nakusimulia kwa sababu kilichotokea kule kinaweza kutokea sebuleni kwako leo jioni, hata kama vigari hivyo hujawahi kuviona. Baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili familia zisitambulike.

Mchezo wenyewe

Vipande vya barabara ya plastiki vinaunganishwa juu ya meza ndefu mpaka inapatikana njia yenye kona, mteremko na daraja. Katikati ya kila njia kuna mfereji mwembamba, na kando ya mfereji kuna vyuma viwili vinavyopitisha umeme mdogo. Kigari, chenye urefu wa sentimita 14 hivi, kina ulimi wa plastiki chini ya pua yake. Ulimi unaingia mferejini, nyaya laini zinagusa vyuma, mota inazunguka. Wewe unashika kidhibiti mkononi. Ukibonyeza sana kinakimbia, ukiachia kinapunguza mwendo. Ukiingia konani kwa pupa kinaruka nje, na mtu aliyesimama kwenye kona ile ndiye anayekirudisha.

Mchezo huu ni wa siku nyingi. Mwingereza Fred Francis alionyesha vigari vyake vya umeme vya Scalextric kwenye maonyesho ya wanasesere na vifaa vya kuchezea mjini Harrogate mwaka 1957. Zamani kila njia ilikuwa ya kigari kimoja tu. Siku hizi vipo vya dijitali: kila kigari kina chipu yake, kinatii kidhibiti chake peke yake, kwa hiyo vigari sita vinaweza kushindana kwenye njia mbili. Ukibonyeza kitufe, kigari chako kinahama njia na kumpita mwenzako. Kompyuta inahesabu mizunguko, na hata mafuta ya kudhania. Yakikaribia kuisha, lazima uingie kituoni.

Kama daktari wa watoto, nilifurahi nilipoona wanavyocheza. Kulikuwa na babu wa miaka sabini na kitu akishindana na binti wa miaka tisa. Kijana mmoja alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, na hakuna aliyempunguzia mizunguko. Waliomaliza raundi yao walikuwa na zamu ya kusimama kwenye kona na kuwarudishia wengine vigari, hata wale waliokuwa wamewashinda. Mtoto anajifunza kutuliza mkono, kusubiri zamu na kushindwa bila kulia. Ukinipa nafasi ya kuchagua kati ya mchezo ule na mtoto kuinamia simu kwa saa tatu, sitasita.

Lakini chini ya vigari vingi vya aina hiyo kuna kitu kidogo ambacho wazazi wengi hawakijui. Kuna sumaku.

Kilichotokea wakati wa mapumziko

Sumaku inavuta vyuma vya barabara, hivyo kigari kinashika njia vizuri na hakiruki ovyo konani. Klabu nyingi za wazoefu huziondoa, kwa sababu wanasema ustadi wa mkono ndio unaotakiwa kushinda. Klabu ya mpwa wangu ina sheria hiyo. Asubuhi, kabla ya ukaguzi, alifungua kigari chake kipya kwa bisibisi na kutoa sumaku mbili bapa, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Akaziweka kwenye kiti kilichokuwa kando yake, akasahau.

Wakati wa chai, mtoto wa kike wa miaka miwili, mdogo wake mshindani mwingine, alikohoa mara mbili tatu. Mama yake akampigapiga mgongoni. Akanyamaza, akaendelea na biskuti yake. Mama akatabasamu, akasema ni makombo.

Fainali ilikuwa inakaribia na mpwa wangu alikuwa amefuzu. Nilimwona anakiangalia kile kiti, anainama chini yake, halafu anaweka kidhibiti mezani na kunijia.

"Shangazi, usikasirike," alisema. "Niliacha sumaku pale kwenye kiti. Sizioni."

Tulipitisha rula ya chuma chini ya viti vyote, tukakung'uta mazulia na makoti. Hatukupata kitu. Mtoto alikuwa anacheka, anakimbia, hana homa, hatapiki. Mama yake akaniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi hapa nyumbani pia: "Si tusubiri tu mpaka kesho, tuangalie choo?"

Nikamwambia hapana, twende sasa hivi. Mpwa wangu alinipa kigari kingine chenye sumaku kama zile, ili nimwonyeshe daktari wa zamu. Fainali ilifanyika bila yeye.

Hospitalini, eksirei ya mbele ilionyesha kitu kimoja tumboni. Ya ubavuni ilionyesha viwili vilivyogandana. Bahati ilikuwa upande wetu: vilikuwa bado kwenye mfuko wa tumbo, havijashuka. Usiku ule walimpa dawa ya usingizi, wakapitisha kamera mdomoni na kuzitoa. Kesho yake alirudi kwao.

Mtoto mwingine, siku nne baadaye

Kwa nini nilikataa kusubiri? Kwa sababu ya mvulana wa miaka minne niliyempokea wodini hapa kwetu miaka kadhaa iliyopita.

Alianza kwa kulalamika tumbo. Mama akampa dawa ya minyoo, kama wengi wetu tunavyofanya. Siku ya pili akatapika, akapelekwa zahanati, akaanzishiwa dawa za taifodi. Siku ya nne aliletwa kwetu tumbo limejaa na limekakamaa, hataki kuguswa. Mimi mwenyewe nilimuuliza mama, "Amekula nini?" Sikumuuliza alikuwa anachezea nini. Eksirei ndiyo iliyotujibu: sumaku tatu, kutoka kwenye kifaa cha kuchezea kilichovunjika. Utumbo ulikuwa umetoboka sehemu mbili. Madaktari wa upasuaji walikata kipande chake na kuunganisha. Alipona, lakini baada ya wiki nyingi kitandani.

Baadaye tulijua kwamba kaka yake wa miaka tisa alimwona akizimeza siku ile ile ya kwanza. Hakusema. Alikuwa amekatazwa kuvunja kile kifaa na aliogopa fimbo.

Kwa nini sumaku si kama sarafu

Mtoto akimeza sarafu ikafika tumboni, mara nyingi hutoka yenyewe. Hata sumaku moja peke yake inaweza kutoka. Tatizo ni zikiwa mbili au zaidi, au sumaku moja na kipande cha chuma.

Utumbo wa mtoto ni mrefu na umejikunja. Sumaku moja inaweza kuwa kwenye mkunjo huu na nyingine kwenye mkunjo wa jirani. Zinavutana, na kuta za utumbo zinabanwa katikati. Damu haipiti tena pale palipobanwa. Nyama inaanza kufa, kisha inatoboka, na uchafu wa utumbo unamwagikia tumboni. Hapo maambukizi yanasambaa, na maisha yanakuwa hatarini. Vilevile utumbo unaweza kujisokota au kuziba.

Jambo baya zaidi ni kwamba mwanzoni mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Dalili zinapokuja, zinafanana na za magonjwa ya kila siku: tumbo kuuma, kutapika, kukosa hamu ya kula, homa. Ukisubiri dalili ndipo uondoke, unaweza kufika utumbo umeshatoboka.

Ukihisi mtoto amemeza sumaku

1. Nenda hospitali mara moja, hata kama huna uhakika na hata kama mtoto anacheka. Chagua yenye eksirei na huduma ya upasuaji. Ukianzia zahanati, omba rufaa saa hiyo hiyo.

2. Neno la kwanza utakalomwambia mhudumu liwe "sumaku". Usiseme "kitu" wala "kichuma". Omba apigwe eksirei ya mbele na ya ubavuni, kwa sababu sumaku mbili zilizogandana zinaweza kuonekana kama kitu kimoja.

3. Usimtapishe. Usimpe dawa ya kuharisha, mafuta, mkate wala ndizi ya "kusukuma". Asile wala kunywa mpaka daktari aseme, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi.

4. Kama kuna sumaku iliyobaki au kifaa ilikotoka, kibebe umwonyeshe daktari. Usikiweke karibu na tumbo la mtoto. Mvue pia mkanda au nguo yenye vifungo vya chuma.

5. Asifanyiwe kipimo cha MRI. Mashine ile yenyewe ni sumaku kubwa, na inaweza kuzivuta zile zilizo ndani na kumjeruhi.

6. Akishindwa kupumua, kulia au kukohoa, hapo amekabwa. Piga kelele upate msaada na anza huduma ya kwanza pale pale, kabla ya kufikiria usafiri.

Ushauri wa kukimbia hospitali unahusu pia betri bapa za duara, zile za saa na rimoti ndogo. Betri ikikwama kooni inaweza kuanza kuunguza ndani ya saa mbili.

Zuia kabla

Huhitaji kuwa na vigari vya mashindano ili uwe na sumaku nyumbani. Angalia mapambo ya mlango wa friji, makava ya simu, spika mbovu, vifungo vya pochi, na vile vigololi vya sumaku vya kujengea maumbo. Vigololi hivyo ni hatari kuliko vyote, kwa sababu viko vingi na mtoto anaweza kumeza vitano bila wewe kujua vimepungua.

Kwa hiyo:

Soma maandishi ya boksi kabla ya kununua. Alama ya kwamba kifaa hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3 haizungumzii akili ya mwanao. Inazungumzia vipande vidogo vinavyoweza kuingia kinywani.

Kama mkubwa ana vifaa vyenye sumaku na mdogo anatambaa, mkubwa achezee mezani, na akimaliza ahesabu. Kifaa kikipasuka, toa sumaku na uitupe mahali ambapo mtoto hafiki.

Wenye umri wa kubalehe nao waambiwe. Wapo wanaobana sumaku mbili kwenye pua au ulimi ili waonekane wametoboa kipini. Kicheko kimoja kinatosha kuzimeza.

Na kama babu au bibi wa nyumbani amewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, asiweke sumaku kwenye mfuko wa shati. Inaweza kuvuruga kazi ya kifaa hicho.

Mtoto aweze kusema

La mwisho halinunuliwi dukani. Watoto hawa wawili walitofautiana kwa saa chache na siku nne, na kilichosababisha tofauti hiyo si hospitali peke yake. Mmoja alikuwa na mtu aliyesema mapema. Mwingine alikuwa na kaka aliyejua kila kitu na akaogopa.

Leo jioni, ukiwa na wanao, waambie hivi: "Mdogo wako akimeza kitu, au wewe ukimeza, njoo uniambie. Sitakupiga." Na siku watakapokuja kukuambia, timiza ahadi yako. Hasira iache nyumbani, mbebe mtoto, nenda.

Nilipotoka hospitalini usiku ule, mpwa wangu alikuwa ananisubiri sebuleni, hajalala. Hakuuliza nani alishinda fainali. Aliuliza, "Shangazi, zimetoka?" Nilipomwambia zimetoka, akaenda chumbani kwake na kurudi na kopo la chuma lenye mfuniko wa kuzungusha. Alikuwa ametoa sumaku kwenye vigari vyake vyote na kuziweka humo. Akanipa nilipandishe juu ya kabati, ambako hata yeye hafiki.