Mji wa Mpakani Usio na Meya

Hadi Machi 2013 mji wa Busia ulikuwa na meya. Wananchi hawakumpigia kura wenyewe. Madiwani walimchagua mmoja wao, naye akavaa joho na mkufu. Malaba nako, mji mwingine wa mpakani, kulikuwa na baraza lake la mji na mwenyekiti wake. Uchaguzi wa mwaka huo ulipopita, mabaraza yote yakavunjwa, na shughuli zake zikamwangukia gavana wa Kaunti ya Busia: taka, masoko, machinjio, taa za barabarani, maegesho ya matrela.

Gavana wa kwanza, Sospeter Ojaamong, alikuwa amewahi kuwa mbunge wa Amagoro, na aliongoza kaunti kwa vipindi viwili. Aliyemrithi mwaka 2022, Dkt. Paul Otuoma, amepita njia ambayo wanasiasa wachache wamepita. Ni daktari wa mifugo. Alikuwa mbunge wa Funyula, waziri wa uvuvi, waziri wa vijana na michezo, kisha mwaka 2012 akapewa Wizara ya Serikali za Mitaa, mabaraza yakiwa yamebakiza miezi tu. Mwaka 2017 aliwania ugavana akiwa mgombea huru, Ojaamong akamshinda. Miaka mitano baadaye akarudi kwa tiketi ya ODM na kupata kiti. Mtu aliyekuwa juu ya mameya wote wa Kenya ndiye leo anayeulizwa mtaro wa sokoni utazibuliwa lini.

Swali hilo ni la haki. Lakini kwa mji kama Busia halitoshi, kwa kuwa miradi inayoamua maisha ya watu wake haiko mikononi mwa gavana.

Chukua kituo cha pamoja cha mpakani, kilichofunguliwa rasmi na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni Februari 2018. Mpango wake ni mzuri, nami nausifu bila kusita. Lori linalokwenda Uganda halisimami tena mara mbili. Linavuka na kukaguliwa upande wa Uganda, ambako maofisa wa nchi zote mbili wameketi chini ya paa moja. Linaloingia Kenya hukaguliwa huku. Kisha ikaja korona mwaka 2020. Madereva wakatakiwa kupimwa, majibu yakachelewa, na foleni ya matrela kutoka Malaba ikanyooka kwa makumi ya kilomita, watu wakilala chini ya magari yao. Majengo yalikuwepo na lami ilikuwepo. Kilichokosekana ni maabara za kutosha na serikali mbili kukubaliana mapema.

Na kuna wale ambao mradi huu haukuwatazama kwanza. Busia inajulikana kwa watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu, magunia yamepangwa nyuma ya kiti, kijana akisukuma. Kuna akina mama wa mayai, ndizi na samaki. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliwawekea utaratibu mwepesi: bidhaa za nchi wanachama zilizomo kwenye orodha, zisizozidi thamani ya dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi bila ushuru wa forodha. Utaratibu huo ni halali na una faida. Ila mama asiyeelezwa kwamba cheti hicho kipo atapita njia ya panya, alipe rushwa huko, na siku akikamatwa apoteze mtaji wote. Kumweleza kunahitaji mtu na meza sokoni, na hilo naliona dogo mno kushindikana.

Ushuru wa forodha huenda kwa Mamlaka ya Mapato, yaani serikali kuu. Barabara kuu iko chini ya mamlaka ya barabara kuu. Kaunti hubaki na ada za maegesho na masoko, pamoja na uchafu unaoachwa na magari yanayopita. Hata Busibwabo, wadi ya miwa na mihogo ndani ya eneo bunge la Matayos, mambo ni hayo hayo: kiwanda cha sukari ni cha mwekezaji, leseni hutoka kwa serikali kuu, lakini barabara ya kijijini inayochimbwa na trekta za miwa wakati wa mvua ni ya kaunti.

Sheria ya Miji ya 2011 ilikusudia kuziba pengo la meya kwa bodi ya manispaa na meneja. Wazo lina maana, na Benki ya Dunia ilitoa fedha kwa miji iliyotimiza masharti hayo. Lakini wanabodi hawasimami mbele ya mpiga kura, na bodi isiyoshika fungu lake yenyewe hungoja hazina ya kaunti kama mtoto angojavyo nauli ya shule. Hapo ndipo naona kasoro kubwa: diwani wa zamani, pamoja na ubaya wake wote, ulijua nyumba yake.

Ndugu msomaji wa Matayos na Teso, makadirio ya bajeti ya kaunti sharti yafike katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30 kila mwaka, na sheria inataka usikilizwe kwanza. Nenda. Kwa kila mradi unaosomwa, uliza nani ataulinda na kuukarabati ukishafunguliwa, na fedha hizo zimeandikwa ukurasa gani. Usipoonyeshwa ukurasa, mwambie mwakilishi wako wa wadi asiupitishe.