Je, Wajua? Paris Bila Mnara

Mnara wa Eiffel ulikamilika mwaka 1889, lakini Eugène Atget, aliyeipiga picha Paris kwa takriban miaka 30 hadi alipofariki mwaka 1927, aliupa kisogo. Alidamka alfajiri na kamera yake nzito ya mbao, akaingia vichochoroni kunasa ngazi, nyua, madirisha ya maduka na wachuuzi. Picha hizo aliwauzia wachoraji kama vielelezo vya kazi zao. Mwaka 1968, maelfu ya picha zake yalinunuliwa na jumba la makumbusho la MoMA, New York.

Nawe ukifika mji ambao kila mtu ameshaupiga picha, geuka kwanza: tazama kilicho nyuma yako. Huenda picha yako inakusubiri huko.