Mhandisi wa Kujifunza: Kazi Mpya Katika Elimu

Daraja likianguka, hatuyalaumu magari yaliyopita juu yake. Huitwa aliyelijenga, akaulizwa alipima nini na alipima vipi. Lakini mtoto asipofahamu somo, aghalabu huambiwa kuwa yeye ndiye mzito wa akili, na maneno yakaishia hapo. Aliyelitunga somo haulizwi kitu.

Ndugu wasomaji, aliyeikataa hali hii waziwazi ni Herbert Simon, bingwa wa Kimarekani aliyekuwa akisomesha mjini Pittsburgh. Katika makala aliyoiandika mwaka 1967 juu ya kazi ya mkuu wa chuo kikuu, alistaajabu kuona kwamba vyuo, ambavyo shughuli yao ni kufundisha, huiacha shughuli hiyo mikononi mwa watu waliobobea katika kemia au historia, lakini wasiopata kusomea namna akili ya mwanadamu inavyojifunza. Akashauri vyuo viajiri “wahandisi wa kujifunza”, watakaoshirikiana na waalimu kuyapanga masomo na kuyapima. Simon alipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Ama shauri lake lililala miaka mingi.

Huenda msomaji akauliza: Je, mwalimu mzoefu hajui wapi mwanafunzi hukwama? Tutazame. Kenneth Koedinger na Mitchell Nathan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, waliwachunguza wanafunzi wanaoanza aljebra. Chukua hesabu ya namna hii: Juma amefanya kazi saa 6, akaongezewa bakhshishi ya shilingi 600, akaondoka na shilingi 9,600, kila saa alilipwa ngapi? Kisha iandike hesabu hiyohiyo kwa alama tupu: 6x + 600 = 9,600. Waalimu wengi hudhani ya maneno ndiyo ngumu zaidi. Wanafunzi walionyesha kinyume chake: walifaulu zaidi katika ya maneno. Mtoto huondoa 600, akagawanya kwa 6, akapata 1,500, bila ya kujua hata kidogo kwamba amefanya aljebra. Zile alama ni lugha ngeni kwake, na mwalimu aliyeizoea tangu ujanani amekwisha kusahau ugeni wake. Hapana shaka wako watoto wengi waliopewa jina la ujinga kwa sababu ya usahaulifu huo.

Jambo la pili lawahusu wazazi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio yao juu ya kukumbuka. Kundi moja lilisoma habari mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha likaieleza kwa kumbukumbu mara tatu bila ya kutazama. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na wenzao asilimia 61. (Wanaohifadhi Kurani hawatashangaa.) Kijana anayekesha akiupitiapitia ukurasa uleule huamini ameushika, kumbe ameuzoea tu.

Kuyachukua matokeo kama haya, kutunga somo kwa kuyafuata, kulijaribu, kuhesabu makosa na kulitengeneza tena, ndiyo kazi ya mhandisi huyu. Mwaka 2017 IEEE, jumuiya ya kimataifa ya wahandisi, ilianzisha jopo la kuijadili fani hiyo; mwaka 2022 kikatoka kitabu cha zana zake, kilichohaririwa na Jim Goodell na Janet Kolodner; na Boston College huko Marekani hutoa shahada ya pili yenye jina hilo.

Wako wasiolipenda jina lenyewe, wakisema mtoto si chuma. Mimi naona hofu iliyo kubwa zaidi ni nyingine. Vipimo hivi siku hizi hufanywa kwa kompyuta, nayo huandika kila kosa la mtoto na kila alipositasita, na daftari hilo mara nyingi hukaa kwa kampuni iliyouza somo. Na mjenzi wa daraja huulizwa leseni yake. Huyu bado haulizwi.